Wanuer na Maneno Yao: Historia ya Tafsiri katika Elimu ya Jamii za Kiafrika

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa anthropolojia aanzapo masomo yake, awe Oxford, Chicago au Nairobi, hakawii kukutana na Wanuer. Watu hawa wa mabwawa ya Nile, ambao mwaka 1940 walikadiriwa kuwa 200,000 hivi, wamefanywa mfano wa kutolewa kila linapoulizwa swali hili: je, watu waweza kuishi kwa utaratibu pasipo mfalme, pasipo mahakama wala askari? Jibu la E. E. Evans-Pritchard katika kitabu chake The Nuer, kilichotoka mwaka huo wa 1940, ni kwamba waweza. Na utaratibu wenyewe hutokana na koo zinazogawanyika na kuungana kadiri adui anavyokuwa karibu au mbali.

Makala haya hayakusudii kulirudia jibu hilo, kwani limekwisha kurudiwa mno. Makusudi yetu ni kuuliza swali la pili, ambalo ni letu sisi tunaoshughulika na lugha: jibu hilo lilipatikana kwa maneno ya nani? Wanuer waliohojiwa hawakusema Kiingereza. Kila kilichoandikwa juu yao kwa Kiingereza ni tafsiri, hata pale ambapo mwandishi hakusema kwamba anatafsiri. Tutajaribu kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ina historia yake. Kwamba neno lililotumiwa vibaya liliwagharimu watu damu. Kwamba mchunguzi huyo mashuhuri alifaulu pale alipoliacha neno la Kinuer liseme lenyewe, akateleza pale alipoharakisha kulivika vazi la kigeni. Mwisho tutauliza kama sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuko salama zaidi kuliko yeye.

1. KINYWA CHA WATU

Jina "Nuer" si jina walilojichagulia wenyewe. Ni jina walilopewa na watu wa nje. Wao hujiita Naath, maana yake "watu", na lugha yao huiita thok Naath, yaani "kinywa cha watu". Msomaji ajuaye Kijaluo atatambua papo hapo ujamaa wa lugha hizi, kwani Dholuo nayo ni "kinywa cha Waluo". Zote mbili ni lugha za Kinailoti cha Magharibi, pamoja na Kidinka, Kishiluki na Kiacholi.

Nchi yao iko Sudan Kusini, pande zote mbili za Nile na kando ya mto Sobat, ikaendelea hadi Gambella upande wa Ethiopia. Ni nchi tambarare isiyo na mawe wala milima. Mvua zinyeshapo mito hufurika na watu hukaa katika vijiji vilivyojengwa juu ya miinuko michache. Kiangazi kikifika nchi hukauka na kupasuka, nao huhamia na ng'ombe wao kwenye kambi za kando ya mito. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye dia ya aliyeuawa, ndiye sadaka ya kuombea mgonjwa. Kijana aliyetoka utotoni zamani alitambulikana kwa mistari sita iliyochanjwa katika paji la uso kutoka sikio hadi sikio, nayo huitwa gaar. Kati ya jirani zao wote, Wadinka ndio wa karibu zaidi kwa lugha na desturi. Wamepigana nao, wameoana nao, na wengi waliozaliwa Wadinka wamekuwa Wanuer.

2. NENO KUJUR NA KILIMA CHA NGUNDENG

Waingereza walipoanza kuitawala Sudan pamoja na Misri baada ya mwaka 1898, nchi ya Wanuer ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho kuingiwa na serikali. Maafisa walitafuta mtu wa kuzungumza naye, mtu ambaye akiamrishwa naye ataamrisha. Hawakumwona. Waliyemwona, na wakamwogopa, ni mtu wa aina nyingine.

Miongoni mwa Wanuer wa Lou aliishi Ngundeng Bong, aliyefariki mwaka 1906. Wanuer walimwita guan kwoth, yaani mwenye kwoth, mtu aliyeshukiwa na nguvu itokayo juu. Mahali paitwapo Dengkur aliwakusanya watu wakajenga kilima kikubwa cha udongo, ambamo yasemekana maradhi na tauni zilizowaangamiza watu na ng'ombe zilizikwa. Watu wa mbali walikifikia kilima hicho, na miongoni mwao walikuwako Wadinka. Baadaye mwanawe, Guek, alirithi sifa hiyo ya baba.

Sasa, katika barua na taarifa zao, maafisa wa serikali hawakuandika guan kwoth. Waliandika kujur, neno la Kiarabu cha Sudan ambalo kwao lilimchukua mpiga ramli, mganga wa mizizi, mchawi na nabii pamoja, likawatia wote katika kapu moja. Aliyeitwa kujur alikwisha kuhukumiwa kabla hajasikilizwa: ni laghai, mdanganya watu, adui wa utawala. Mwanahistoria Douglas Johnson, katika kitabu chake Nuer Prophets cha mwaka 1994, ameyachunguza makaratasi ya serikali pamoja na masimulizi ya wazee, akaonyesha sura nyingine kabisa. Ngundeng anayetokea humo ni mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukataza uvamizi na kusuluhisha ugomvi, pamoja na ugomvi wa Wanuer na Wadinka. Neno kujur halikuwa na nafasi ya mtu kama huyo.

Mwaka 1927 Guek alituhumiwa kuchochea uasi. Ndege za Jeshi la Anga la Uingereza zilidondosha mabomu katika nchi ya Lou, na kilima cha Dengkur kikabomolewa kwa sehemu kwa baruti. Februari 1929 Guek mwenyewe aliuawa karibu na kilima cha baba yake. Upande wa magharibi wa Nile, kapteni mmoja wa serikali, V. H. Fergusson, alikuwa ameuawa na Wanuer Desemba 1927, na huko pia majeshi yalipelekwa kuadhibu. Afisa mmoja aliyeshiriki katika vita vya Lou, Percy Coriat, alikuwa akisema Kinuer. Katika mikono yake ilipita dang, fimbo ya Ngundeng, ikakaa Uingereza miaka mingi, hadi iliporudishwa Sudan Kusini mwaka 2009.

Hatudai kwamba neno peke yake ndilo lililoleta mabomu. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na barabara zilizotakiwa kujengwa kwa nguvu za wenyeji, na kulikuwa na hofu ya serikali changa. Lakini neno ndilo lililowafanya wenye mabomu waamini kwamba hawampigi mpatanishi. Na ajabu ya historia ni hii: mwaka huohuo wa 1928, katika mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf, Kinuer kiliwekwa miongoni mwa lugha zilizochaguliwa kuandikwa na kufundishiwa katika shule za Sudan ya kusini. Mkono mmoja wa utawala uliipa lugha hiyo alfabeti. Mkono wa pili ulikuwa ukiwapiga waisemao.

3. MGENI KAMBINI

Evans-Pritchard alifika nchini humo mapema mwaka 1930, kwa maombi ya serikali ya Sudan na kwa sehemu kubwa kwa fedha zake. Serikali ilikuwa imewashinda Wanuer. Sasa ilitaka kuwaelewa. Alikuwa tayari amefanya uchunguzi miongoni mwa Wazande, na alikuja Unuer bila kupenda sana. Mizigo yake ilipotea njiani. Hakupata mkalimani, kwani hakukuwa na Mnuer aliyejua Kiarabu vizuri. Wala hakupata sarufi ya kutosha ya lugha yenyewe. Sarufi ya padre J. P. Crazzolara ilitoka mwaka 1933, na kamusi kubwa ya J. Kiggen ikatoka mwaka 1948. Ilimbidi ajifunze lugha kwa kusikia na kukosea.

Kisha, alipokuwa amekaa katika kambi ya ng'ombe ya Muot Dit na ameanza kuzoeleka, asubuhi moja askari wa serikali waliizingira kambi wakiwatafuta manabii wawili, wakachukua watu kuwa dhamana. Baada ya hayo, nani angemwamini mgeni mweupe aulizaye majina ya koo? Wanuer walimjibu kama wajibuvyo watu walio chini ya bunduki: kwa kuzungusha maneno. Mtu akiulizwa jina la ukoo wake, aliuliza naye lina faida gani kwa mwulizaji. Mchunguzi aliiona tabia hiyo kuwa ya kuchosha mno, na alieleza hivyo kwa mzaha mwanzoni mwa kitabu chake. Sisi twaweza kuiona kuwa ni busara.

Kwa jumla alikaa nao mwaka mmoja hivi, katika safari nne: miezi mitatu na nusu mwaka 1930, miezi mitano na nusu mwaka 1931, majuma saba mwaka 1935 na majuma saba mengine mwaka 1936. Safari hii ya mwisho aliifanya baada ya kupita Kenya na kufanya uchunguzi mfupi juu ya Waluo. Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Evans-Pritchard alikilalia kitanda hicho, akaugua malaria juu yake. Jambo hilo hatuwezi kumnyima. Lakini kosa moja laonekana. Askari wa Muot Dit wamo katika utangulizi wa kitabu, kisha hutoweka. Katika sura zifuatazo Wanuer huonekana wakiishi kwa sheria zao wenyewe, kana kwamba hapakuwa na vita wala serikali. Jambo hili lilikwisha kusemwa na Talal Asad na wenziwe katika kitabu walichokitoa mwaka 1973 juu ya anthropolojia na ukoloni, na Renato Rosaldo alilirudia mwaka 1986 akikitazama kitabu hiki chenyewe. Hata mipaka kati ya Wanuer na Wadinka, iliyoonekana dhahiri katika miaka ya 1930, kwa sehemu ilikuwa imechorwa na serikali yenyewe, iliyowahamisha watu na kuacha ardhi tupu katikati ili wasichanganyike.

4. KUAAR: CHIFU AU KUHANI?

Na tuje sasa kwenye neno ambalo kwalo tafsiri ya Evans-Pritchard yaweza kupimwa kwa tarehe.

Mnuer akimwua Mnuer mwenziwe, hukimbilia nyumbani kwa mtu aitwaye kuaar muon, yaani kuaar wa ardhi. Huitwa pia kuaar twac, kwa sababu ya ngozi ya chui anayoivaa begani. Huyo humchanja mwuaji mkononi ili damu itoke, naye haruhusiwi kula wala kunywa kabla ya hapo. Akiwa katika nyumba hiyo, jamaa wa maiti hawawezi kumgusa. Kisha kuaar huenda kwao akawasihi wapokee dia, ambayo kwa desturi ya zamani ilikuwa ng'ombe 40 hadi 50. Kwanza hukataa, maana heshima huwataka wakatae. Mwisho, kama pande mbili ni jirani na zahitajiana, hukubali, naye kuaar huchinja mnyama wa sadaka. Hana askari. Hana jela. Ana ngozi ya chui, ana ardhi, na ana laana.

Mtu huyu tumwite nani? Katika kitabu cha mwaka 1940 Evans-Pritchard alimwita chifu wa ngozi ya chui, ingawa alieleza kwa uangalifu kwamba hana mamlaka ya kuamrisha. Mwaka 1956, katika Nuer Religion, alimwita kuhani. Mtu wa Kinuer ni yuleyule na ngozi ni ileile. Lakini kwa miaka 16 neno la Kiingereza lilimtoa katika siasa likamwingiza katika dini. Twaona hapa kwamba tatizo halikuwa la Mnuer. Tatizo lilikuwa la lugha iliyopokea, ambayo ina kabati mbili, moja ya dola na moja ya kanisa, na kila kiingiacho hakina budi kuwekwa katika mojawapo.

Tafsiri kama hii haikai vitabuni tu. Serikali isemayo kwamba watu hawa wanao machifu, lakini dhaifu, hujipa kazi ya kuwatia nguvu; nayo isemayo kwamba hawanao, hujipa kazi ya kuwatengeneza. Sudan ya kusini ilifanya hivyo baada ya mwaka 1930 kwa kuanzisha mahakama za machifu, ambamo dia na mahari viliandikwa na kutolewa hukumu. P. P. Howell, aliyekuwa afisa na mchunguzi kwa pamoja, aliyakusanya maamuzi hayo katika kitabu cha sheria za Wanuer mwaka 1954. Suluhu iliyokuwa ikitafutwa kwa kusihi ikawa hukumu inayotolewa kwa amri. Sisi wa Kenya tusishangae. Sheria ya wakuu wa vijiji ya mwaka 1902 iliwaletea watu wengi wasiokuwa na machifu mtu wa cheo hicho, na neno "chifu" limo katika Kiswahili chetu hadi leo, likiwa na sura ya Kiswahili na roho ya ile sheria. Tena katika kitabu cha African Political Systems, ambacho Evans-Pritchard alikihariri pamoja na Meyer Fortes mwaka 1940, Wanuer na Waluhya wa Kenya, yaani Walogoli na Wabukusu, waliwekwa katika kundi moja: kundi la watu wasio na serikali. Ni neno la kukanusha. Lasema watu hawa hawana nini. Halisemi wana nini.

5. CIENG, THOK DWIEL NA KWOTH

Haingekuwa haki kuishia hapo, maana kurasa bora za kitabu hicho ni zile ambazo mwandishi alikataa kutafsiri. Alikutana na neno cieng. Mnuer akiulizwa cieng yake ni wapi, jibu lake hubadilika kwa mahali alipo na kwa amwulizaye. Aweza kutaja boma lake, au kijiji, au wilaya nzima, au nchi yote ya kabila lake. Mchunguzi mvivu angeandika kwamba Wanuer hawana hakika na mipaka yao. Evans-Pritchard hakufanya hivyo. Aliliacha neno katika Kinuer, akalifuata kila lilikokwenda, na kutoka humo akaipata nadharia yake yote: kwamba kundi la Wanuer si kitu kilichosimama, bali ni uhusiano, na mtu huwa "wa hapa" kwa sababu yuko mwingine "wa kule".

Mswahili hana haja ya kufafanuliwa neno hili kwa kurasa nyingi, kwa kuwa analo. Neno lenyewe ni "kwetu". Mtu aliyeko Gatundu akisema "kwetu" huonyesha nyumba kwa kidole. Akiwa Mombasa humaanisha Gatundu. Akiwa London humaanisha Kenya. Na hakuna amwambiaye kwamba amejipinga.

Ndivyo ilivyo kwa thok dwiel. Evans-Pritchard alilifasiri neno hili kwa istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza inayomaanisha mstari wa uzao. Lakini Mnuer hasemi mstari. Asema "mlango wa nyumba" au "kinywa cha nyumba", kwa kuwa wana wa mume mmoja hutenganishwa na milango ya mama zao. Waluo nao husema dhoot, na maana ni hiyohiyo. Na Waswahili wa pwani, watajapo migawanyo ya jamaa zao, husema "mlango wa fulani" na "tumbo la fulani". Mstari huchorwa na mtu aliyesimama mbali, akitazama karatasi. Mlango huonwa na mtu aliyetoka ndani yake.

Neno la tatu ni kwoth, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kwa asili ni pumzi, ni kupuliza kwa nguvu. Na ndilo neno la kila kilicho juu ya mwanadamu, kuanzia kwoth nhial, aliye mbinguni, hadi nguvu ndogondogo zinazowashukia watu. Okot p'Bitek, Mwacholi aliyesoma anthropolojia Oxford na baadaye akafundisha Nairobi, aliandika mwaka 1970 katika African Religions in Western Scholarship kwamba wataalamu wa Ulaya waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ipate kuheshimiwa. Alitoa kisa cha wamisionari waliowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakamtaja Rubanga, yule anayeipinda migongo ya watu iwe vibyongo. Na jina hilo likawa jina la Mungu katika sala. Si lazima mtu akubaliane na Okot katika yote ili aone kwamba onyo lake lamhusu pia Evans-Pritchard, ambaye aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1944 na ambaye kwoth yake, mwaka 1956, inasomeka kwa urahisi kama Roho wa Kikristo.

Hapa tena Kiswahili kina jambo la kusema. Katika lugha yetu upepo, pepo na peponi ni watoto wa shina moja. Wahenga wetu waliona, kama walivyoona Wanuer, kwamba kitu kisichoonekana lakini kinachotikisa majani kinafaa kukipa jina kisichoonekana kinachomtikisa mtu. Lakini tazama yaliyolipata neno hilo. Peponi ni pahali pa heri, na pepo ni wa kupungwa. Shina moja limepandishwa mbinguni na kutupwa jalalani kwa wakati mmoja, kwa sababu ya historia yetu wenyewe ya dini.

6. MANENO VITANI

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya vitabu vya kale. Sivyo. Sharon Hutchinson, aliyeanza kukaa na Wanuer mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuandika Nuer Dilemmas mwaka 1996, alikuta lugha ileile ikifanya kazi mpya. Fedha zilikuwa zimeingia, na Wanuer walikuwa wakitofautisha kwa maneno kati ya ng'ombe waliotokana na fedha na ng'ombe waliotokana na mahari ya mabinti. Aina hizo mbili hazikuwafunga jamaa kwa nguvu moja.

Zito zaidi ni habari ya vita. Serikali waliiita kume, kutokana na neno la Kiarabu lililotupa sisi "hukumu" na "hakimu". Vita vya pili vya Sudan vilipoanza mwaka 1983, wakatofautisha koor kume, vita vya serikali, na koor cieng, vita vya nyumbani. Kwa desturi, mwenye kumwaga damu ya mtu wa kwao huingiwa na nueer, unajisi uuao, hadi sadaka ichinjwe na dia ilipwe. Hutchinson aeleza jinsi makamanda wa SPLA, miongoni mwao Riek Machar, walivyowashawishi watu kwamba aliyeuawa katika vita vya kume hana dia, wala mwuaji wake hana nueer. Kwa maneno mengine, neno moja jipya lilitosha kumwondoa kuaar muon njiani.

Madhara yake yalionekana baadaye. Agosti 1991 SPLA iligawanyika huko Nasir, na vita vikawa kati ya Wanuer na Wadinka, kisha kati ya Wanuer wenyewe kwa wenyewe. Waliouawa walikuwa wa cieng moja, lakini waliuawa kwa jina la kume. Wazee na machifu wa pande mbili walipokutana Wunlit mwaka 1999 kutafuta amani kati ya Wanuer wa magharibi na Wadinka, mambo waliyoyashika ni yaleyale ya kale: sadaka ya fahali, kutaja makosa hadharani, na kurudisha watu na ng'ombe waliotekwa. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Desemba 2013 vita vikazuka tena ndani yake. Tangu mwaka 1992 maelfu ya Wanuer wameishi katika kambi ya Kakuma, Kenya, na hapo watoto wao wamejifunza kusema "kwetu" kwa Kiswahili, wakimaanisha mahali ambapo wengine hawajapaona.

TAMATI

Tumeyafuata maneno machache tu, nayo yameonyesha njia tatu za kumtafsiri mtu. Ya kwanza ni ile ya kujur: kumpa jina ambalo ndani yake hukumu imekwisha kutolewa. Ya pili ni ile ya kuaar: kumtia katika kabati la lugha ngeni, kisha kumhamisha kabati asipoenea. Ya tatu ni ile ya cieng: kuliacha neno lake, kulifuata kwa subira, na kukubali kwamba lugha yetu ndiyo itakayopanuka. Evans-Pritchard alizijua njia hizi za pili na tatu, na kwa hiyo kitabu chake chaweza kusahihishwa kwa kitabu chenyewe. Hiyo si sifa ndogo.

Sisi je? Tumeona kwamba mara kwa mara Kiswahili humfikia Mnuer kwa njia fupi kuliko Kiingereza: kwetu, mlango, upepo, dia. Lakini tusijisifu. Kiswahili hichohicho ndicho kilichowaita watu wa bara "washenzi", na wengi wetu bado huandika "mchawi" pale wenyewe walipotaja mganga, na "kabila" pale walipotaja mlango. Neno letu laweza kuwa kujur kwa mwingine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa wenye kufundisha na kuandika. Kwanza, neno la wenyewe litangulie na maelezo yafuate, hata kama sentensi itakuwa nzito. Pili, kila habari ielezwe ilipatikana lini, kwa lugha gani, na ni nani siku hiyo aliyekuwa na bunduki. Tatu, itungwe kamusi ya thok Naath na Kiswahili isiyopitia Kiingereza. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na waisemao lugha hiyo tunao nchini mwetu; hatuna haja ya safari nne wala ya mizigo kupotea njiani.

Mnuer aliyemwuliza mgeni wake jina la ukoo lina faida gani kwake hakujibiwa sawasawa. Swali hilo bado liko mezani, na safari hii limeulizwa kwetu.